Kisoma-vitabu chembamba kikivunjika ndani ya begi, kosa ni la msomaji au la mbunifu?

#1 MsomajiWaUsiku (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salaam. Wiki mbili zilizopita kifaa changu cha kusomea vitabu kilivunjika ndani ya begi nikiwa nimesimama kwenye daladala, na hakuna aliyekiangusha wala kukikalia. Nilipokitoa jioni nilikuta nusu ya chini ya ukurasa imeganda kwenye sentensi niliyoiacha asubuhi, na mistari myeusi imeteremka kutoka pembeni kama mizizi, ilhali nikiupapasa uso wake kwa kidole ulikuwa laini bila ufa wowote. Kampuni sitaitaja, kwa sababu nimekuwa na vifaa vya kampuni tatu tofauti na sioni kwamba tatizo hili ni la mmoja wao peke yake.

Ninalotaka tulijadili ni wembamba. Kila toleo jipya likitangazwa, tunaambiwa kwanza limepungua milimita ngapi, kana kwamba sisi wasomaji ndio tulioomba. Nimepitia vipimo vya Kindle, visoma-vitabu vya kampuni ya Amazon, tangu mwanzo, na kuna jambo limenishangaza. Ya kwanza, iliyotoka Novemba 2007, ilikuwa na unene wa karibu milimita 19 na uzito wa gramu 292. Ya pili, ya mwaka 2009, ilishuka hadi milimita 9.1, yaani unene ulipungua zaidi ya nusu, lakini uzito ulibaki gramu 289. Mkono wa msomaji uliondolewa mzigo wa gramu tatu tu! Kisha mwaka 2011 ikaja ile ndogo isiyo na kibodi, ambayo kwa milimita 8.7 ilikuwa nene kidogo kuliko ile ya 2010 yenye milimita 8.5, lakini uzito ulishuka kutoka gramu 241 hadi 170. Aliyezishika zote mbili kwa saa nzima akiwa amelala chali anajua ni ipi iliyomchosha mkono, na hakuhitaji rula kulijua hilo.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba kinachomsumbua msomaji ni uzito, na kinachouzwa ni wembamba, na vitu hivi viwili havifuatani kama tunavyoaminishwa. Mwenye hoja tofauti anikosoe.

#2 Pembe_Nne

Pole sana, mkuu. Mimi nitakukosoa kidogo. Ukiwa na kifaa kinene huwezi kukizungushia vidole kwa urahisi, hasa sisi wenye viganja vidogo, na kingo nene huchimba kiganja baada ya nusu saa. Halafu tusijifanye kwamba uzuri si kitu. Mtu akitoa fedha nyingi kununua kitu cha kukaa nacho kila usiku, ana haki ya kutaka kitu cha kupendeza. Mimi nina chembamba, mwaka wa nne sasa, na hakijanisumbua.

#3 FundiGerezani

Ndugu MsomajiWaUsiku, hiyo mizizi uliyoiona inajulikana kwa mafundi, na sababu ya uso kubaki laini ni kwamba kioo kilichovunjika hakipo mbele, kipo nyuma. Wengi hawalijui hili, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu kidogo.

Wino wa kielektroniki wenyewe ni utando. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana vyenye chembe nyeupe na nyeusi zilizochajiwa umeme, na chembe hizo hupanda au kushuka kulingana na umeme unaopitishwa chini yake. Utando huo umebandikwa kwenye plastiki na unaweza kukunjika bila kudhurika. Lakini ili kila nukta ya ukurasa ipate umeme wake, lazima chini ya utando kuwe na bamba lenye transista, yaani swichi ndogo za umeme, zilizopangwa kama mraba wa kitenge, na katika vifaa vingi bamba hilo ni kioo chembamba, chembamba kuliko kioo cha dirisha mara kadhaa. Hutumika kioo kwa sababu transista za silikoni hutengenezwa kwenye joto kali ambalo plastiki ya kawaida ingejikunja. Bamba hilo likipasuka, waya zinazopita juu yake hukatika, na sehemu iliyokosa umeme hubaki na picha ya mwisho iliyokuwa nayo, maana wino huu hauhitaji umeme kushikilia picha, unauhitaji tu kuibadilisha. Ndiyo maana sentensi yako ya asubuhi imebaki pale pale, na itabaki hapo miaka mingi.

Ninavyoviona mezani kwangu, vilivyoanguka ni vichache kuliko vilivyokandamizwa: chaja ndani ya begi, kopo la chakula, funguo, mtu aliyeegemea. Kioo hustahimili kusukumwa sawasawa kwa eneo lake lote, lakini kikipindishwa kidogo tu, kasoro iliyokuwa ukingoni tangu kiwandani hufunguka na ufa husafiri papo hapo.

#4 Mhandisi_Mstaafu

FundiGerezani ameeleza vizuri, nami nitaongeza hesabu moja tu. Ukakamavu wa bamba lolote dhidi ya kupinda hufuata unene wake ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Maana yake ni kwamba ukipunguza unene kwa nusu, ukakamavu haupungui kwa nusu, bali hubaki sehemu moja ya nane. Hata kuondoa asilimia kumi ya unene kunachukua zaidi ya robo ya ukakamavu. Kwa hiyo milimita ya mwisho inayoondolewa huchukua sehemu kubwa zaidi ya ukakamavu uliobaki kuliko ya kwanza, na katika tangazo zote mbili huonekana sawa.

Ni kweli kwamba mbunifu anaweza kurudisha ukakamavu huo kwa njia nyingine. Anaweza kuacha plastiki na kutumia metali nyepesi kama magnesi au alumini, kama ilivyofanyika kwenye Kindle Voyage ya 2014 yenye mgongo wa magnesi na milimita 7.6, au anaweza kuweka mbavu ndani ya ganda. Lakini mbavu huhitaji nafasi, na nafasi ndiyo iliyokwisha kuuzwa. Alumini nayo hurudisha uzito uliokuwa ukiukimbia. Hakuna cha bure hapa, kuna kuchagua tu nani atalipa.

#5 Pembe_Nne

Mhandisi, nakubali hesabu, lakini basi mbona hawatengenezi bamba hilo kwa plastiki inayostahimili, tukamaliza ubishi?

#6 FundiGerezani

Wanatengeneza, na hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. E Ink, kampuni inayotengeneza skrini hizi, wana aina inayoitwa Mobius, ambayo bamba lake ni la plastiki. Sony waliitumia kwenye DPT-S1, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2013: skrini ya inchi 13.3, unene wa milimita 6.8, na uzito wa gramu 358 tu. Linganisha na reMarkable 2 ya mwaka 2020 kutoka Norwe, ambayo ina inchi 10.3 na unene wa milimita 4.7, lakini uzito wake ni zaidi ya gramu 400. Skrini kubwa zaidi, kifaa kinene zaidi, na bado ni chepesi zaidi! Hapo hoja ya mwanzilishi wa uzi imepata ushahidi. Sony DPT-S1 haikuwa na taa, hilo tuliseme, lakini reMarkable 2 nayo haina.

Tatizo ni bei. Sony hiyo ilipoingia Marekani iliuzwa dola 1,100. Plastiki huwa inabandikwa kwanza juu ya kioo wakati wa kutengeneza transista, kisha inabanduliwa, na kazi hiyo inaongeza gharama. Kulikuwa pia na Plastic Logic, kampuni iliyotoka Cambridge, ambayo ilitengeneza transista zenyewe kwa vitu vya plastiki. Kifaa chao kilichoitwa Que kilitangazwa Januari 2010, na kabla mwaka huo haujaisha wakaachana nacho bila kumfikishia mnunuzi. Kobo, kampuni nyingine ya visoma-vitabu, walijaribu tena kwa Forma ya 2018, inchi 8 kwa gramu 197, yenye bamba la Mobius. Mrithi wake, Sage ya 2021, ana ukubwa ule ule wa skrini lakini uzito umepanda hadi gramu 241, na kwa unene Sage ni nyembamba kuliko Forma ukipima sehemu yake nene. Mnaona wenyewe ni kipimo gani kilichopewa kipaumbele.

#7 Mwl_Shule_ya_Bweni

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mimi nafundisha, na kwetu suala hili si la mtu mmoja na begi lake. Shirika la Worldreader lilipoanza kupeleka Kindle katika shule za Ghana mwaka 2010, kisha Kilgoris hapa Kenya mwaka uliofuata, moja ya mambo ambayo wao wenyewe waliyasema waziwazi ni kwamba skrini zilikuwa zikivunjika kwa wingi usiotarajiwa. Vifaa vile vilibuniwa kwa mtu mzima anayesomea kitandani au kwenye treni, na sasa vimeingia kwenye mkoba wa mtoto anayetembea kilomita kadhaa, pamoja na daftari, kopo la maji na jembe la siku ya shamba.

Ninachotaka kusema ni kwamba neno «uimara» halina maana moja. Kwa mtoto wa shule, kifaa kikipungua unene hakuna faida yoyote anayoipata, maana hakiweki mfukoni. Angepewa kifaa chenye unene wa milimita 12, chenye mpira pembeni na skrini iliyodidimia ndani ya fremu, angekipenda vile vile, na maktaba ya shule isingekuwa na kabati la vifaa vilivyokufa.

#8 MsomajiWaUsiku

Mwalimu, ahsante sana. Hilo la skrini kudidimia nilikuwa nikilifikiria. Vifaa vya zamani, na vya bei nafuu hata leo, vina fremu iliyoinuka kuzunguka skrini, kwa hiyo kitu kikikandamiza kwa juu, fremu hupokea kwanza. Vya bei ya juu vimesawazishwa uso mzima, na ninakiri vinapendeza na ni rahisi kufuta vumbi, lakini mkandamizo unafika moja kwa moja. Tunalipa zaidi ili kinga iondolewe.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kindle Oasis ya 2016. Wabunifu wake walifanya jambo la akili: walikusanya betri na bodi upande mmoja ambako mkono hushika, wakaacha upande mwingine ukiwa na milimita 3.4 tu, na upande mnene milimita 8.5. Fremu ya plastiki ilipakwa metali ili isipinde. Kifaa chenyewe kilikuwa na gramu 131, na uzito ulikaa kiganjani badala ya kuning'inia mbali. Hadi hapo ninawavulia kofia. Lakini betri iliyobaki ndani ilikuwa ndogo mno, kwa hiyo sehemu kubwa ya chaji iliwekwa kwenye kava la ngozi lililouzwa pamoja nacho. Ukikivika kava, unafika gramu 238, uzito unaoizidi Paperwhite ya wakati ule isiyo na kava.

Sasa niambieni, kifaa kile kilikuwa na unene gani hasa? Ule wa kwenye tangazo, au ule uliokuwa ukiingia kwenye begi? Mimi naona karibu sote tunafanya hesabu hiyo bila kujua. Tunanunua kifaa chembamba, tunaogopa kitavunjika, tunakwenda kununua kava lenye unene wa milimita tatu kila upande. Mbunifu angeweza kuitumia nusu ya nafasi hiyo ndani ya kifaa, kwenye mbavu na nafasi ya hewa kati ya kioo na betri, na matokeo yangekuwa membamba zaidi kwa jumla. Lakini kava halihesabiwi kwenye jedwali la vipimo, na faida ya kava ni biashara nyingine.

#9 BintiWaNyali

Nawasalimu nyote. Mmesahau maji na mchanga. Kwa sisi wa pwani, kifaa kinakufa kwa chumvi kabla hakijafa kwa kupinda.

Kobo Aura H2O ya mwaka 2014 ilikuwa na daraja la IP67, kipimo cha kimataifa cha kuzuia vumbi na maji, na tarakimu ile ya kwanza, sita, ina maana kwamba vumbi haliingii kabisa. Ilikuwa na kifuniko cha mpira kwenye tundu la chaja, na kwa milimita 9.7 haikuwa nyembamba. Vifaa vingi vya leo vimeandikwa IPX8. Nane inasikika kubwa kuliko saba, na kwa maji ni kubwa kweli: mita mbili za maji yasiyo na chumvi kwa dakika 60. Lakini ile X ina maana kwamba kwa vumbi hakuna daraja lililotolewa. Kifuniko cha mpira kimeondolewa, tundu liko wazi, na ndani mzunguko wa umeme hulindwa kwa gundi na mipako. Hilo linafaa bafuni. Ufukweni, mchanga ukiingia kwenye tundu la chaja utajua mwenyewe utautoaje. Na kifaa kikiingia maji ya bahari, kisuuzeni kwa maji matamu na kukiacha kikauke kabisa kabla ya kukichaji, kwa sababu vipimo vyote hivyo ni vya maji yasiyo na chumvi.

#10 FundiGerezani

BintiWaNyali umenipeleka ninapotaka, kwenye gundi. Kifaa chembamba kisichoingiza maji ni kifaa kilichogundishwa. Skrubu inahitaji mahali pa kujikita, na mahali hapo ni unene. Kwa hiyo wembamba unadai gundi, maji yanadai gundi, na siku betri ikichoka mimi natakiwa kuipasha joto skrini yenye kioo kile kile tulichokizungumza ili niibandue, nikiomba Mungu isipasuke. Mteja akiniuliza bei ya kubadili betri, namwambia ukweli: kazi ni ya dakika ishirini, hatari ni ya kifaa kizima.

Betri yenyewe nayo ina tabia yake. Zile za mfuko bapa zikizeeka huweza kuvimba. Kwenye kifaa chenye nafasi ndani, uvimbe wa milimita moja unapata pa kwenda. Kwenye kifaa kilichobanwa, unasukuma bamba la kioo kutoka nyuma. Nimeshaletewa kifaa kilichovunjika juu ya kabati, hakijaguswa na mtu.

Kuna mwanga kidogo. Kobo mwaka 2024 waliingia makubaliano na iFixit, kampuni ya vipuri na maelekezo ya matengenezo, ili vipuri na maelekezo ya matengenezo ya Clara na Libra mpya yapatikane kwa mwenye kifaa. Clara Colour ina milimita 9.2 na gramu 174: nene kuliko wengi, nyepesi kuliko wengi, na haiingizi maji. Na Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni ya betri, namba 2023/1542, inayotaka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Kuna msamaha kwa vifaa vilivyobuniwa hasa kwa mazingira ya maji, kwa hiyo nasubiri kuona ni kampuni ngapi zitagundua ghafla kwamba wateja wao wote wanasomea ndani ya bwawa.

#11 Karani_wa_Mahakama

Naomba kuutetea wembamba kwa jambo moja, kwa sababu naona umebaki bila wakili. Mimi situmii kifaa changu kusoma tu, natumia kuandika. Kwenye kifaa cha kuandikia, kiganja hukaa juu ya skrini na mkono huegemea meza, na kila milimita ya unene ni ngazi ambayo mkono unaipanda na kuishuka kila ufikapo ukingoni. Kindle Scribe ya 2022 kwa milimita 5.8 inavumilika, reMarkable 2 kwa 4.7 ni karibu na daftari. Hapo wembamba una kazi, hauko kwa ajili ya picha. Lakini kifaa hicho hukaa mezani na kwenye mkoba wenye ubao mgumu, sipandi nacho daladala kikiwa uchi.

#12 MsomajiWaUsiku

Karani, umenishinda hapo, na ninaifuta kauli yangu ya mwanzo kwa vifaa vya kuandikia. Kwa vya kusomea naishikilia.

Baada ya kuwasoma nyote, jana nilikwenda dukani na mizani ya jikoni ndani ya begi, muuzaji akanicheka lakini akaniruhusu. Nilipima vifaa vitatu, kila kimoja kikiwa ndani ya kava lake. Kile chembamba kuliko vyote ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote, kwa sababu kava lake lilikuwa la ngozi lenye sumaku pande mbili. Nimechagua kinene chenye ganda la plastiki. Swali langu la mwisho ni kwa FundiGerezani: kava la kitambaa laini au la mgongo mgumu?

#13 FundiGerezani

Mgongo mgumu, na zaidi ya mgongo, mfuniko mgumu wa mbele. Laini huzuia mikwaruzo tu, kupinda hakuzuii. Na ukikiweka begini, upande wa skrini uuelekeze mgongoni kwako, kwenye ule mfuko bapa wa daftari, chaja iwe mfuko mwingine kabisa. Kile kilichovunjika usikitupe. Bodi na betri bado ni nzima, niletee, kuna mwalimu hapa juu ambaye kabati lake limejaa vifaa vilivyokufa, na huenda vingine vina skrini nzima na betri zilizokufa.

#14 Mwl_Shule_ya_Bweni

Fundi, nimekutumia ujumbe wa faragha. Viko kumi na moja.